Sitini na nne: picha inavyovunjwa kuwa mawimbi, na tarakimu iliyopotea Kiplombe

Leo sileti programu mpya wala mstari hata mmoja wa msimbo. Nimeleta historia, na inaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2006 mzee wangu aliniita nyumbani Kiplombe, pembeni mwa mji wa Eldoret, akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati ya shamba. Kaka yangu alikuwa ng'ambo na alihitaji nakala yake ili aipeleke kwenye ofisi moja. Mimi ndiye niliyehesabiwa "mtu wa kompyuta" pale nyumbani, kwa hivyo kazi ikawa yangu. Nikapanda matatu hadi mjini, nikaingia saiba, nikaipitisha hati kwenye skana. Faili likawa kubwa, barua pepe ikalikataa. Nikalihifadhi upya kama JPEG, vipimo vidogo, ubora wa chini. Bado kubwa. Nikalifungua lile lililokwisha kupunguzwa, nikalipunguza tena. Mara ya tatu likapita. Nikalipia dakika zangu, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: nakala haisomeki. Kwenye namba ya shamba kulikuwa na tarakimu moja ambayo karani mmoja aliisoma 3, na mwenzake akaisoma 8. Mzee akanitazama, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko kukaripiwa: "Si ulisema kompyuta haisahau?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Ninalo sasa. Kompyuta ilisahau kwa sababu tuliifundisha kusahau, na mafunzo hayo yalichukua karibu miaka mia mbili. Bila hayo nisingeweza kutuma hati ile kabisa, na kwa sababu ya hayo hati ilifika bila tarakimu yake. Mambo hayo mawili ni pande za sarafu moja.

Bamvua na maji mafu

Tuanze mbali kidogo na Kiplombe, kule pwani, kwa kuwa watu wa huko wanalijua jambo hili bila kulisomea darasani. Mvuvi wa Mombasa au Unguja anajua kwamba kuna siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, na kuna siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kivivu. Ukichora kimo cha bahari saa kwa saa kwa mwezi mzima utapata mstari unaoyumbayumba kama mlevi. Unaonekana mgumu. Lakini ndani yake mna mawimbi mepesi yaliyopandana. Wimbi la mwezi hujirudia kila baada ya takriban saa 12 na dakika 25. Wimbi la jua hujirudia kila baada ya saa 12. Yakienda pamoja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua. Yakipingana, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu.

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alianza miaka ya 1860 kuyachambua maji ya bahari kwa namna hii, na katika miaka ya 1870 akabuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi hayo ili kutabiri maji ya siku zijazo. Huna haja ya kuukariri mstari wote. Ukijua kila wimbi lina nguvu kiasi gani na linaanzia wapi, unaweza kuujenga upya.

Idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia tunaiita frikwensi. Wimbi linalojirudia taratibu lina frikwensi ya chini, linalojirudia harakaharaka lina frikwensi ya juu.

Sasa chukua picha ya nyumbani kwetu. Anzia kushoto uende kulia kwenye mstari mmoja wa pikseli, ukiandika mwanga wa kila moja. Juu angani mwanga unabadilika polepole: hiyo ni frikwensi ya chini. Ukishuka kwenye mistari ya mahindi, mwanga na kivuli vinapokezana upesi: hiyo ni frikwensi ya juu. Na paa la mabati ndilo mfano ulio wazi kuliko yote, maana bati lenye migongo lenyewe ni wimbi lililogandishwa. Picha, kwa hiyo, ni kama bahari ya Mombasa. Tofauti ni kwamba mawimbi yake hayaendi na saa, yanakwenda na nafasi.

Mtoto wa mshonaji

Wazo hili tunamhesabia Joseph Fourier, Mfaransa aliyezaliwa Auxerre mwaka 1768, mtoto wa fundi cherehani, akafiwa na wazazi angali mdogo. Mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon hadi Misri, akawa katibu wa taasisi ya wanasayansi iliyoundwa Cairo. Alirudi Ufaransa mwaka 1801, akapewa kazi ya kusimamia mkoa huko Grenoble. Katikati ya shughuli za barabara na kodi alikuwa akijiuliza swali moja: joto husafirije ndani ya chuma?

Desemba 1807 aliwasilisha jibu lake Paris. Ndani yake alidai kwamba umbo lolote, hata lenye kona kali, linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini. Miongoni mwa waliolipima andiko hilo alikuwa Lagrange, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa enzi ile, naye hakukubali. Wimbi laini litazaaje kona? Fourier alirudi na andiko jingine, akapewa tuzo ya taasisi hiyo mapema 1812, ila pamoja na lawama kwamba hoja zake hazijakazwa vya kutosha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya andiko la kwanza.

Lagrange hakuwa mjinga. Kona kali kweli ni shida: inahitaji mawimbi mengi mno, hadi yale ya frikwensi za juu kabisa, na ukiyakata njiani kona inaanza kutetemeka pembeni. Likumbuke hilo, tutalirudia tutakapofika kwenye ile 3.

Kwa muda mrefu shida nyingine ilikuwa jasho. Kuvunja orodha ya namba kuwa mawimbi kulihitaji kuzidisha kwingi kupita kiasi. Gauss alikuwa amegundua njia ya mkato tangu 1805, lakini ikabaki kwenye maandishi yake ambayo hayakuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey waliigundua upya, safari hii kompyuta zikiwapo. Orodha ya namba 1,024 iliyohitaji hesabu zaidi ya milioni moja sasa ikahitaji kama elfu kumi tu. Baada ya hapo kuzivunja picha kuwa mawimbi kukawa kazi inayowezekana.

Pendekezo lililoonekana jepesi mno

Hapa anaingia mtu ambaye wengi tunaotumia kazi yake kila siku hatumjui jina. Nasir Ahmed alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1940, akaenda Marekani kusoma uhandisi wa umeme, akawa mwalimu katika Kansas State University. Mwaka 1972 aliomba fedha kutoka National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, ili achunguze namna ya kuvunja picha na ishara nyingine kwa kutumia mawimbi ya kosaini peke yake. Ombi lilikataliwa. Waliolipima waliona wazo lenyewe ni jepesi mno.

Ahmed hakuliacha. Aliendelea bila fedha hizo, pamoja na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao wa Texas. Matokeo yakamshangaza hata yeye mwenyewe. Januari 1974 wakachapisha makala ya kurasa 4 tu. Walichoonyesha ni kwamba njia yao inakaribia sana ile iliyojulikana kuwa bora kuliko zote kinadharia, ambayo ilikuwa nzito mno kwa matumizi ya kawaida.

Kwa nini kosaini ishinde? Njia ya Fourier huchukulia kwamba kipande cha picha kinajirudia, mwisho wake ukigusana na mwanzo wake. Kama upande wa kushoto ni giza na wa kulia ni mwanga, hapo panazuka ukuta ambao haumo kwenye picha, na ukuta ni kona, na kona ni gharama. Kosaini hukichukulia kipande kama kilichowekewa kioo pembeni: mwanga hukutana na mwanga, giza hukutana na giza. Ukuta wa bandia hauzuki. Ni wazo jepesi, kweli. Ndilo lililobeba picha za intaneti.

Sitini na nne

Mwaka 1986 liliundwa kundi la wataalamu lililoitwa Joint Photographic Experts Group, ndilo JPEG. Mwaka 1987 walipima njia 12 zilizoshindana, wakabakiza 3, na Januari 1988 njia ya kosaini ikashinda baada ya watu kutazama picha na kuzilinganisha bila kujua ipi imetoka wapi. Kiwango kikaidhinishwa mwaka 1992. Huo msingi wake ni huu: picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande kinageuzwa kuwa nguvu za mawimbi 64.

Wenyeji wa Eldoret mmetabasamu, najua. Mji wetu ulianzia kwenye shamba namba 64. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910, jina la Eldoret likaja mwaka 1912, na wazee wengine waliendelea kuuita mji Sisibo, yaani ile namba ya Kiingereza ilivyokaa ulimini. Ni sadfa tu, lakini tangu nilipoijua sijawahi kuusahau ukubwa wa kipande cha JPEG.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mstari mmoja wa pikseli 8 ili tusichoshane. Tuseme ni kipande cha anga kinachozidi kung'aa kuelekea kulia:

50, 60, 70, 80, 90, 100, 110, 120

Ukikivunja kwa kosaini unapata nguvu hizi, kuanzia frikwensi ya chini hadi ya juu:

240.4, -64.4, 0, -6.7, 0, -2.0, 0, -0.5

Tazama kilichotokea. Namba ya kwanza ni wastani wa mwanga, ya pili ni mteremko wenyewe, zilizobaki ni makombo. Hadi hapa hakuna kilichopotea, ukirudi kinyume unazipata pikseli zako zote. Upotevu unakuja hatua inayofuata. Kila namba inagawanywa kwa namba ya jedwali, kisha inazungushwa iwe namba nzima. Mstari wa kwanza wa jedwali maarufu la JPEG ni 16, 11, 10, 16, 24, 40, 51, 61. Ukigawanya unabaki na:

15, -6, 0, 0, 0, 0, 0, 0

Namba 8 zimekuwa 2, na msururu wa sifuri unaandikwa kwa biti chache sana. Upande wa pili kompyuta inazidisha na kuyajumlisha mawimbi, inapata 52, 57, 67, 78, 91, 103, 112, 117. Si zile zile, lakini jicho lako halitaziona tofauti hizo angani. (JPEG halisi hutoa kwanza 128 kwenye kila pikseli na hufanya kazi kwa mistari na safu pamoja, ila mantiki ni hii.)

Umeona jinsi jedwali linavyokua kuelekea kulia? Frikwensi za juu zinagawanywa kwa namba kubwa, kwa hiyo hutupwa kwanza. Jedwali hilo lilitokana na majaribio ya kile ambacho macho ya binadamu hukiona na kisichokiona, na kiwango kinalitoa kama mfano tu, si kama amri. Hata hivyo programu nyingi zimelichukua lilivyo, na unaposogeza kile kipimo cha "ubora" mara nyingi unaongeza au kupunguza jedwali hilo hilo.

Foleni ya saiba

Kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hakitoshi. Kundi jingine, Independent JPEG Group, lilitoa msimbo wake bure mwaka 1991, kila mwandishi wa programu akaweza kuuchukua. Kivinjari cha Netscape kilipokuja mwaka 1994, kiliweza kuonyesha JPEG ndani ya ukurasa wenyewe.

Kwetu sisi tofauti ilikuwa ya shilingi. Hadi mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, intaneti ya Kenya ilipita kwenye setilaiti kwa bei ya kuumiza. Piga hesabu. Picha ya pikseli 640 kwa 480 isiyobanwa ni baiti 921,600. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata kama ingekwenda kasi yake yote, ni zaidi ya dakika 2. Picha hiyo hiyo ikiwa JPEG ya kilobaiti 60 ni chini ya sekunde 9. Kwa mtu anayelipia saiba kwa dakika, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwona mtoto wa dada yako aliyezaliwa Minnesota na kutomwona.

Kuna JPEG za aina mbili, na mliokaa saiba mnazikumbuka hata kama hamkujua majina. Moja ilishuka kutoka juu, kichwa kinafika, unasubiri shingo. Nyingine ilitokea yote kwa mkupuo ikiwa na ukungu, kisha ikatakata polepole. Hiyo ya pili ilikuwa ikituma frikwensi za chini kwanza na za juu baadaye. Mbele ya macho yako, kwenye meza ile yenye vumbi, Fourier alikuwa akijumlisha mawimbi yake.

Kwa nini 3 ikawa 8

Turudi kwa mzee. Anga ni mteremko laini, wimbi moja au mawili yanatosha. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe ni kinyume chake kabisa, ni kona tupu. Mstari mwembamba wa wino hugawa nguvu zake kwa mawimbi yote, ya chini hadi ya juu, na jedwali linakata yale ya juu bila kuuliza hii ni picha ya anga au ni namba ya shamba. Kinachobaki ni ule mtetemo wa kona: vivuli vya kijivu vinavyozagaa kando ya wino. Tarakimu 3 ina mianya miwili upande wa kushoto. Jaza mianya hiyo kwa kijivu, umepata 8.

Mimi nikaongeza makosa juu ya makosa. Kupunguza vipimo vya picha nako ni kutupa frikwensi za juu. Kuihifadhi tena na tena nako kunazungusha namba ambazo tayari zilikwisha kuzungushwa. Ningeihifadhi mara moja kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, katika aina ya faili isiyotupa kitu kama PNG, pengine ingekuwa ndogo kuliko JPEG yangu na kila tarakimu ingesomeka.

Wimbi linaloona shamba

Historia haikuishia kwenye kosaini. Wimbi la kosaini ndani ya kipande halijui mahali, linajaza kipande chote. Miaka ya 1980 Wafaransa Jean Morlet, aliyekuwa akitafuta mafuta ardhini, na Yves Meyer na Stéphane Mallat, pamoja na Mbelgiji Ingrid Daubechies, walijenga hisabati ya viwimbi, mawimbi mafupi yanayozaliwa na kufa papo hapo. Kiwimbi kinakwambia frikwensi gani na pia iko wapi. FBI ya Marekani iliviteua mwaka 1993 kwa kubana alama za vidole, kwa sababu vipande 8 kwa 8 viliharibu mistari ya ngozi. Kiwango cha JPEG 2000 kimejengwa juu yake.

Na hapa Kiplombe inarudi. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa Juni 2015, hupiga picha za ardhi ambapo pikseli moja ni mita 10, na picha hizo hutolewa bure, zikiwa zimehifadhiwa kwa JPEG 2000. Picha moja ina pikseli 10,980 kwa 10,980. Ukiifungua ya Uasin Gishu unaona mahindi yakigeuka kijani na baadaye rangi ya majani makavu, na shamba la mzee ni pikseli kadhaa humo ndani. Wakati ule sikuweza kutuma namba yake ikafika salama. Leo shamba lenyewe linafika kutoka angani, limevunjwa kuwa viwimbi na kuunganishwa tena.

Neno la mwisho

JPEG ina heshima moja: inasahau, lakini haitungi. Ikikosa frikwensi za juu inakupa ukungu, na ukungu unakwambia hapa pana shaka. Siku hizi kuna programu zinazoondoa ukungu kwa kukisia kilichokuwapo, kutokana na mamilioni ya picha zilizofunzwa. Zitakuletea 8 iliyonyooka, nyeusi, safi, na hakuna karani atakayeishuku. Frikwensi iliyotupwa hairudi. Kinachokuja mahali pake ni kisio.

Kwa hiyo, wasomaji wangu: picha za harusi zibaneni mtakavyo. Hati, vyeti na namba za shamba zihifadhini katika faili lisilotupa kitu, na mkizituma kwa programu za ujumbe zitumeni kama faili, si kama picha, kwa maana nyingi ya programu hizo huzibana picha tena njiani.

Nilirudi mjini nikaipitisha hati upya, ikafika. Kwenye karatasi ile tarakimu ilikuwa 3 tangu mwanzo. Mzee alilijua hilo bila kuitazama.

Haya, maoni yenu nayasubiri. Tuonane tena.